Sura ya Nne: Jani Lisilosubiri

Jambo la kwanza limtatizalo mgeni aingiaye Maua asubuhi na mapema, kabla ukungu haujaondoka juu ya vilima vya Nyambene, ni kuwaona wanawake wamejitwisha mafurushi ya majani ya mgomba, mabichi, yaliyokunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba, nao wanayakimbiza sokoni kama mali, ilhali ndizi zenyewe hazionekani. Huko Imenti, upande wa pili wa Meru, mgomba hupandwa kwa ajili ya tunda lake, na malori hushuka usiku yakiwa yamesheheni mikungu hadi soko la Marikiti jijini Nairobi. Lakini hapa Igembe mgomba umeshushwa cheo, ukafanywa mtumishi wa mti mwingine, na jani lake huulizwa bei kabla ya ndizi zake. Mti huo mwingine ni mti wa miraa.

Miraa si tunda, nami nalikiri hilo mapema ili msomaji mwenye kupenda usahihi asije akanikamata njiani. Kiliwacho ni gome laini na ncha changa za matawi, na mlaji hutafuna akatupa makapi kama mla muwa. Hata hivyo, nilipoazimia kuandika juu ya vibarua wa mashamba ya miti na matunda katika nchi yetu, wale wachumao maembe ya Mbeere, maparachichi ya Murang'a na mananasi ya Thika, niliona kwamba Maua haiwezi kuachwa nje ya kitabu, kwa kuwa taabu ambayo kwingineko imefichwa nyuma ya ukuta wa kampuni na mafaili ya ofisi, hapa iko wazi juu ya tawi, na yeyote apitaye njiani akiinua macho ataiona.

Tunda lina subira. Ndizi hukatwa ikiwa changa ikavundikwa, embe huchumwa gumu likaivia ndani ya kreti kati ya Mbeere na Nairobi, na nanasi la Thika huingizwa kiwandani likatiwa mkebeni, na likishatiwa mkebeni laweza kungoja mwaka mzima bila kumdai mtu lolote. Miraa haina subira hiyo. Wanakemia wa maabara ya Umoja wa Mataifa waliipambanua mwaka 1975 dawa iliyomo katika chipukizi bichi, ile iitwayo kathinoni, na ikabainika kwamba huanza kupungua nguvu tangu kijiti kinapokatwa na kunyauka, hata zikipita siku mbili hivi mnunuzi wa Mogadishu huwa ananunua kuni. Wazee wa Nyambene waliyajua hayo vizazi vingi kabla ya maabara kuwapo, wala hawakuhitaji kuyapa jina. Walijua tu kwamba kilichochumwa leo sharti kiliwe leo au kesho. Zamani hiyo, mlaji alipokuwa jirani, haraka hiyo haikumuumiza mtu. Siku hizi mlaji yuko Eastleigh, yuko Garissa, yuko ng'ambo ya mpaka, na umbali wote huo hauna budi kupunguzwa na mtu fulani kwa mwili wake. Na katika sura hii nataka kuonyesha ni mwili wa nani.

Asije mtu akadhani kwamba Maua kuna mashamba ya kampuni, yenye nyumba za safu, kengele ya alfajiri na nyapara mwenye daftari kwapani. Mashamba ya Igembe na Tigania ni madogo, aghalabu ya ekari chache, nayo yamechanganyika: miraa hapa, mgomba pale, mahindi na maharagwe chini, viazi vikuu vikitambaa penye nafasi, na ukizidi kupanda kuelekea Kiegoi wakutana na chai. Miti mikongwe, ambayo wenyewe huiita mbaine, ilipandwa na mababu ambao wajukuu wao bado huwataja kwa majina kila wakipita chini yake. Ina mashina manene yenye mafundo kama viwiko vya wazee, na kuukata mmoja wake huhesabiwa kuwa ni kujitakia laana. Mwenye shamba, basi, si bwana wa ghaibu; ni jirani, pengine ni mjomba wa mchumaji, nao Jumapili huketi benchi moja kanisani. Wako waandishi walioegemea jambo hilo wakasema kwamba pasipo bwana wa kigeni hapana dhuluma. Mimi sikubaliani nao. Udugu hupunguza ukali wa maneno, ila haupunguzi urefu wa mti.

Nilifika katika shamba moja lililo upande wa Muringene jua likiwa bado halijachomoza, nikamkuta mwenyewe, mzee wa makamo, ameketi juu ya gogo, koti zito la jeshi mwilini, ameinua uso kuelekea vilele. Wachumaji walikuwa wanne, nami sikuwaona kwa sababu ya ukungu, ila nilisikia vijiti vikikatika: tik, kisha kimya, kisha tik mbili kwa mfuatano, kama kuku anayedonoa bati. Kulipopambazuka nikaona jinsi kazi inavyokwenda. Mchumaji havunji tawi zima. Hutafuta chipukizi lenye wekundu wa shaba, refu kiasi cha shubiri moja, hulibana kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akalipinda hata likatike, kisha hulitia ndani ya shuka aliyoifunga kiunoni. Mkono mmoja humfanyia kazi tajiri, mkono wa pili humshika yeye mwenyewe asianguke. Na kwa kuwa chipukizi bora humea kwenye ncha, huko ambako tawi limekuwa jembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, mchumaji hulazimika kuufuata udhaifu wa mti mpaka mwisho wake.

Ndiyo maana kazi hii inawataka vijana, tena wepesi. Desturi ya Waigembe tangu jadi humzuia mwanamke kupanda mti wa miraa, na mtu mzima mwenye mwili hauwezi, hata akitaka. Aliyekuwa juu kabisa asubuhi ile alikuwa mvulana ambaye, kwa kadirio langu, ndevu zilikuwa hazijamfikiria bado. Miguu mitupu, nyayo zimeshika gome lililolowa umande, kichwa kimetokeza juu ya majani yote kana kwamba yeye ndiye aliyetumwa kutazama kama jua linakuja.

"Rudi nyuma, kijana," mzee akamwambia bila kupaza sauti. "Tawi hilo limeoza."

"Nimeliona, mzee."

"Umeliona, na mguu wako je?"

Mvulana akauondoa mguu. Mzee akanigeukia, akanieleza kwamba yeye pia alichuma katika mti huo huo, zamani za baba yake, hata ikafika siku tawi likalia chini yake naye akafahamu kwamba amekuwa mtu mzima. "Ukinenepa, baite, mti wenyewe unakukataa," akasema, na akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, kwani macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye lile tawi.

Vijiti vikishashuka, kazi huhamia bandani, na hapo haraka ambayo juu ya mti ilikuwa ya kimya hupata sauti. Watu wameketi juu ya magunia, kila mmoja na rundo lake. Majani makubwa ya chini huondolewa kwa mfuto mmoja wa kidole, vijiti hulinganishwa urefu, hupigwa kitako juu ya goti ili vikae sawa, kisha hufungwa kwa ukanda wa gome kavu la mgomba ambalo limeloweshwa maji kidogo lisikatike. Kifungu hicho huitwa shurba, na shurba kumi hufanya bunda, nalo ndilo linalofunikwa kwa lile jani la mgomba nililolitaja mwanzoni, ili unyevu wa asubuhi ya Nyambene usafiri pamoja na mali. Mkono wa fundi huitambua daraja ya kijiti kabla jicho halijaifikia: giza huwekwa kando kwa wenye fedha, kangeta, ambayo imechukua jina la soko la jirani, ndiyo ya watu wengi, na alele huelekezwa kwa Wasomali. Vidole vya wafungaji huwa vyeusi kwa utomvu, na weusi huo hautoki kwa sabuni ya siku moja. Nimeambiwa kwamba kijana wa Maua akienda kuchumbia, wazee wa upande wa pili humpa mkono, kisha huutazama.

Nje, gari limekwisha kuwashwa. Dereva hapigi honi kwa ajili ya kuharakisha tu, bali ni kama desturi ya kazi, na kila honi ikilia mikono bandani huongeza mwendo. Pikapu hizo, aghalabu Toyota Hilux zilizorundikwa mizigo hata juu ya paa, zajulikana katika barabara yote kati ya Meru na Nairobi kwa kukimbia kwake, na wenyeji wa njiani huwaondoa watoto wao barabarani wakizisikia. Watu wengi wameandika juu ya madereva hao, kwa kuwa ajali yao hutokea hadharani, mbele ya macho ya wasafiri. Anayeanguka mtini huanguka kwenye shamba la jirani yake, hubebwa kwa pikipiki hadi hospitali ya Wamethodisti, ile ambayo wamisionari waliianzisha Maua mwishoni mwa miaka ya 1920, na habari yake haiendi mbali zaidi ya pale.

Ijara ni ya kipande: mchumaji hulipwa kwa mabunda aliyotoa, si kwa saa alizokaa juu. Neno kipande lenyewe lina historia chungu katika Kenya, maana ndilo lililokuwa jina la kile cheti ambacho serikali ya kikoloni, kuanzia mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha Mwafrika mwanamume kukivaa shingoni ndani ya kibati, kiandikwe humo amefanya kazi kwa nani na ameondoka lini. Cheti kimekwisha kutupwa, neno limebaki kazini. Nami nadhani malipo haya ya kipande, ambayo kwa dhahiri yake ni ya haki kabisa, kwamba mwenye kuchuma zaidi alipwe zaidi, huficha ndani yake jambo ambalo sikulifahamu mpaka nilipokaa Maua wakati wa masika na nikarudi tena wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, miti yote ya Nyambene huchipua pamoja. Soko hufurika, bei huporomoka, na bunda ambalo jana lilikuwa na heshima leo hugombewa na wauzaji badala ya wanunuzi. Wakati huo huo mashina yamelowa, gome limekuwa kama sabuni, na mchumaji apaswa kupanda mara nyingi zaidi ili kuipata pesa ile ile. Kisha kiangazi huja, mti hukauka na kuwa mkavu salama wa kukwea, bei hupanda hata wenye kisima na mpira wa maji hutajirika, lakini chipukizi ni chache, na kijana hushinda kwenye kibaraza cha duka akingoja kuitwa. Kwa hiyo hatari yake hufika kilele pale ujira wake uliposhuka, na usalama wake humjia pamoja na njaa. Hakuna mtu aliyeketi akaupanga mpango huu. Mvua yenyewe imeupanga, na kila aliye juu ya mchumaji katika mnyororo wa biashara amejipatia mahali pa kujikinga nayo.

Njaa, kwa kuitaja, ina dawa yake pale pale bandani. Vijiti vifupi na vilivyovunjika, ambavyo havifai kufungwa, ni vya wafanyakazi, nao huvitafuna tangu asubuhi. Handasi, yaani msisimko wa miraa, ikipanda, tumbo hunyamaza, na kijana ambaye hakula chochote ila chai ya rangi aweza kuendelea hadi alasiri pasipo kuhisi kwamba ana mwili. Jioni deni hilo hudaiwa lote kwa pamoja: hawezi kula, hawezi kulala, na kesho alfajiri mti unamngoja. Sisemi haya kwa kuwahubiria Wameru juu ya mti wao, ambao kwao ni mahari, ni karamu, ni heshima ya mgeni. Mzee akikupa kifungu cha miraa amekupa neno lake. Nasema tu kwamba kitu kimoja kikiwa ni adabu mkononi mwa mzee, chaweza kuwa ni chakula cha mchana mdomoni mwa mchumaji.

Mintarafu ya sheria, sina mengi ya kueleza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ambaye kibarua wake amemfanyia kazi mwezi mfululizo amtazame kama mwajiriwa mwenye haki ya kupewa notisi. Ni sheria njema, lakini mchumaji wa Maua huweza kuwa na waajiri watatu katika juma moja, na mmoja wao huenda ni mfanyabiashara aliyenunua mazao yakiwa bado mtini na ambaye hatarudi tena. Mtu huyu amshitaki nani? Mnamo Desemba 1928, katika mji wa Ciénaga nchini Kolombia, askari waliwamiminia risasi vibarua wa ndizi waliokuwa wamegoma wakidai, miongoni mwa mengine, siku ya mapumziko kila juma na malipo ya pesa taslimu badala ya hati za duka la kampuni. Ulikuwa ukatili mkubwa, lakini vibarua wale walijua jina la waliyemdai, nalo lilikuwa United Fruit Company. Huku kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1990, watetezi wa haki za binadamu wa Nairobi walishikana mikono na wenzao wa Italia wakaanzisha kampeni juu ya hali ya wafanyakazi wa mananasi ya Del Monte kule Thika, na kwa kuwa mkebe ulikuwa na jina, na jina lilikuwa na wanunuzi wenye haya, kampuni iliketi mezani. Bunda la miraa halina jina juu yake. Lina jani la mgomba tu, na jani hilo kufikia kesho kutwa limetupwa.

Mchumaji huyajua mambo ya ulimwengu kwa njia moja tu, nayo ni kusimama kwa magari. Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014 ingawa baraza la wataalamu lililokuwa likiishauri serikali yake lilikuwa limependekeza vinginevyo, mashamba yaliyokuwa yakichuma kwa ajili ya ndege za London yalinyamaza ghafla. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, Somalia iliifunga njia, na haikuifungua tena hadi Julai 2022. Mwezi Mei 2024 ikaja zamu ya ndugu zao wa Embu na Mbeere, walimao ile aina ya majani iitwayo muguka: kaunti za pwani, Mombasa ikitangulia, zilitangaza marufuku, kisha Ikulu ikasema marufuku hayo hayana nguvu ya sheria, na kesi ikaenda mahakamani. Katika kila mojawapo ya nyakati hizo magazeti yalihesabu hasara ya wafanyabiashara na ya wakulima, na hesabu ilikuwa ya haki. Lakini mkulima alibaki na mti wake, ambao utachipua hata usipotazamwa, na dereva alibaki na gari lake, akapakia viazi. Kijana wa juu ya tawi alikuwa na siku yake tu, na siku haiwekwi ghalani.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye darasa lake latazama moja kwa moja barabara ya sokoni, alinieleza kwamba yeye hahitaji kusoma habari za bei. Huhesabu madawati. Bei ikipanda, safu ya nyuma, ile ya wavulana wakubwa, huanza kuwa na mapengo tangu Jumanne. Bei ikianguka, wanarudi, mifukoni wakiwa na simu mpya na vichwani wakiwa wamesahau kugawanya. Nikamwuliza kama hawakemei. Akasema huwakemea, tena kwa ukali, lakini yuko mmoja ambaye aliacha kumkemea baada ya kugundua kwamba karo ya dada yake aliye sekondari hutoka kwenye tawi lile lile.

Siku ile ya Muringene nilikaa hadi magharibi. Gari lilikuwa limeondoka zamani, banda limefagiwa, na yule mvulana amekwenda zake na noti chache alizozihesabu mara mbili mgongo ukiwa umetuelekea. Miti ilikuwa imesimama bila ncha, kama watu walionyolewa. Ndipo alipokuja mlinzi wa usiku, mtu wa miaka arobaini na kitu, akichechemea mguu wa kushoto, na katika mkono panga na tochi. Mzee akanieleza, akiwa amekwisha kushika njia ya nyumbani, kwamba huyo naye alikuwa mchumaji, tena hodari, hata siku moja ya mvua. Kwa kuwa wezi wa miraa huja usiku, na kwa kuwa kilichobaki mtini kitakuwa tayari baada ya siku chache, shamba haliachwi peke yake. Mlinzi akawasha moto mbele ya kibanda chake kidogo cha nyasi, akanikaribisha nikae, akaizunguka miti yote akiimulika mmoja mmoja. Kisha akasimama chini ya ule mkongwe, akanyoosha mkono kwenye tawi la chini kabisa, linalofikiwa na mtu asiyeweza kupanda, akavunja vijiti viwili vitatu vilivyokomaa mno visivyo na bei, akarudi motoni, akaanza kutafuna polepole asije akapitiwa na usingizi.